Ujiji Inataka Koili Ndogo

Koili ni ile sahani ya duara au ya umbo la yai iliyofungwa mwisho wa fimbo ya kigunduzi cha metali. Ndani yake mna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme unaopita humo huzaa uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga huo huamsha mkondo mdogo katika kipande chochote cha metali kilicho karibu, na mkondo huo nao hurudisha ishara kwenye koili. Kisanduku cha juu, chenye betri, skrini na spika, kazi yake ni kufasiri kile ambacho koili imekisikia. Kisichosikiwa na koili, au kilichosikiwa kikiwa kimechanganyika na vingine, hakirejeshwi na programu yoyote. Ndiyo maana uchaguzi wa koili una uzito kuliko uchaguzi wa mashine yenyewe, na kosa linalofanyika hapo huigharimu kazi yote inayofuata.

Miongoni mwa wanunuzi wa mashine hizi kwa matumizi ya Kigoma, Ujiji na vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika, rai inayotawala ni moja: koili kubwa ndiyo koili. Sahani pana, husemwa, huzama zaidi, humaliza eneo kubwa kwa muda mfupi na humpa mnunuzi haki ya fedha yake. Koili ndogo, yenye upana wa sentimita 12 hadi 17, huonekana ni ya kujifunzia tu. Rai hii imechukua nusu ya fizikia ikaacha nusu, kisha ikaliziba pengo kwa hadithi ya hazina za Wajerumani zilizofukiwa chini sana. Kwa ardhi ya ukanda huu ni rai potofu, na inawapotezea watu fedha, siku za kazi, na vitu ambavyo vingepatikana. Mchimbaji mdogo mwenye leseni, mtafiti wa mambo ya kale mwenye kibali, fundi anayetafuta bomba la zamani au bikoni ya kiwanja, na familia iliyopoteza pete mchangani, wote hao hufaidika zaidi na koili ndogo.

Ianzwe na fizikia, kwa kuwa ndiyo ngome ya wanaoitetea koili kubwa. Ni kweli kwamba koili pana hutuma uga wake mbali zaidi. Swali ni mbali kiasi gani, na kwa gharama ipi. Zichukuliwe koili mbili za duara zenye idadi sawa ya mizunguko ya waya na mkondo sawa wa umeme, moja ya kipenyo cha sentimita 15 na nyingine ya sentimita 28, saizi ambayo huja na mashine nyingi kutoka kiwandani. Sentimita 5 chini ya kitovu cha sahani, uga wa ile ndogo una nguvu takriban mara 1.3 ya uga wa ile kubwa, kwa sababu umekusanyika mahali padogo. Kwenye sentimita 7 hivi zinalingana. Kuanzia hapo kubwa inaongoza, na kwenye sentimita 20 uga wake unauzidi wa ndogo zaidi ya mara mbili. Kwa kuwa ishara husafiri kwenda na kurudi, tofauti hizo hukua njiani: ubora wa ndogo karibu na uso wa ardhi, na ubora wa kubwa chini zaidi.

Watetezi wa koili kubwa huishika hesabu ya sentimita 20 na kuiacha ya sentimita 5. Wanaacha pia kanuni nyingine iliyo nzito zaidi. Umbali ukishakuwa mkubwa kuliko upana wa koili, nguvu ya uga hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali, na ishara inayorudi hupungua tena kwa kipeo cha tatu. Kina kikiongezeka mara mbili, ishara inayoifikia mashine hupungua mara 64. Ndiyo sababu koili yenye upana maradufu haifikii kina maradufu kwa kitu chenye ukubwa wa sarafu. Kinachoongezeka ni sentimita chache, nazo hupatikana kwa sharti moja ambalo dukani halitajwi: chini ya sahani pasiwe na metali nyingine yoyote.

Ardhi ya Kigoma hailitimizi sharti hilo. Reli ya Kati ilifika hapa Februari 1914, na pamoja nayo zikaja karakana, gati na maghala. Meli ya Graf von Goetzen ililetwa kutoka Papenburg, Ujerumani, ikiwa vipande vipande ndani ya maelfu ya makasha, ikaunganishwa hapa Kigoma kwa ribiti, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata wakaja Wabelgiji, waliokaa mpaka 1921 na kubaki na kituo chao bandarini hata baada ya Waingereza kushika nchi. Kila utawala umeacha chuma chake: bolti, misumari, vipande vya mabati, vyuma vya makasha, waya. Juu ya tabaka hilo limekuja la mialo. Kibirizi, Katonga na Ujiji kwenyewe maboti ya mbao hujengwa na kukarabatiwa ufukweni, na kila ubao unaong'olewa huacha misumari yake mchangani. Kuna chubwi za risasi zilizokatika nyavuni, vipuri vya shaba nyeupe vya karabai zilizokuwa zikiwashwa usiku kuwavutia dagaa kabla ya taa za betri kuenea, mikebe, vizibo vya soda, na nyavu za waya za kuanikia samaki zilizooza kwa kutu mpaka zikawa vipande vidogo vidogo.

Hesabu ya mahali kama hapo haihitaji mtaalamu. Sahani ya sentimita 28 hufunika eneo la sentimita za mraba 616. Ya sentimita 15 hufunika 177. Ikichukuliwa kwamba kila mita ya mraba ina vipande 20 vya chuma, kiasi kisicho kikubwa kwa mwalo uliotumika kwa miaka mingi, basi chini ya koili kubwa huwa kuna kipande kimoja na ziada kwa wastani, kila inaposimama. Chini ya ndogo huwa na theluthi moja ya kipande. Vipande hivyo vikiwa vimetawanyika ovyo, koili ndogo hukuta ardhi isiyo na chuma chini yake mara 7 katika kila mara 10. Kubwa huikuta ardhi hiyo chini ya mara 3. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ufukwe haionekani kabisa kwa koili kubwa, hata kama imepitishwa juu ya kila shubiri yake.

Jinsi hilo linavyotokea inafaa kuangaliwa kwa karibu. Heller moja ya Wajerumani, iliyotolewa kati ya 1904 na 1913, ni sarafu ya shaba nyekundu yenye kipenyo cha milimita 20 na uzito wa gramu 4. Iwe imelala sentimita 6 chini ya mchanga, na kiganja kimoja pembeni yake pawe na msumari wa boti wa inchi tatu. Koili ya sentimita 28 ikipita juu, vyote viwili vimo ndani ya uga wake kwa wakati mmoja. Ishara zake hujumlishwa. Msumari, kwa kuwa ni chuma chenye sumaku na mrefu kuliko sarafu, huibeba jumla hiyo. Mashine hutoa mngurumo mzito wa chuma, mtafutaji hupita. Koili ya sentimita 15 ikipitishwa polepole juu ya mahali palepale, msumari husikika kwanza, koili huuacha, kisha sarafu hutoa mlio wake mkali wa juu ikiwa peke yake. Mtafutaji akigeuka na kupitisha koili kutoka upande mwingine, mlio unarudi. Hakuna kilichobadilika ardhini wala ndani ya kisanduku. Kilichobadilika ni upana wa sahani.

Hapa hujibiwa kwamba mashine za kisasa zina kichujio cha kuikataa sauti ya chuma, kwa hiyo misumari si tatizo. Jibu hilo linazidisha kosa. Kichujio hakiondoi chuma ardhini. Kinanyamazisha sauti ya kila ishara inayofanana na chuma, na ishara ya sarafu iliyoelemewa na msumari inafanana na chuma. Isitoshe, kila mashine inapokataa ishara moja huhitaji muda mfupi kabla haijawa tayari kupokea nyingine. Koili kubwa, ambayo haitoki juu ya chuma kimoja kabla ya kuingia juu ya kingine, haipati nafasi hiyo. Mtumiaji husikia ukimya na kuamini ardhi ni tupu. Ukimya huo ni hatari kuliko kelele, maana kelele angalau humzuia mtu kuondoka.

Nguzo ya pili ya rai hii ni hadithi ya kina. Hapa Kigoma, kama ilivyo katika miji mingi iliyokuwa ya Wajerumani, husimuliwa kwamba walipokimbia walifukia masanduku ya fedha na dhahabu, na kwamba yako mita kadhaa chini, ndiyo maana hayajapatikana. Kutokana na hilo hutolewa hitimisho kwamba anayekwenda na koili ndogo hajui anachokitafuta. Historia ya mwaka 1916 inasema kinyume. Wajerumani waliondoka Kigoma mwishoni mwa Julai kwa kufuata reli kuelekea Tabora, na reli hiyo ilikuwa mikononi mwao. Aliyekuwa na sanduku la thamani alikuwa na behewa la kulipakia. Zaidi ya hapo, fedha hazikuwepo za kufukia. Kwa kuwa meli za Waingereza ziliufunga mwambao wa Bahari ya Hindi, sarafu zilikuwa haba kiasi kwamba serikali ilichapisha noti za muda, na huko Tabora, katika karakana ya reli, ikagonga sarafu za heller 20 kwa shaba na kwa maganda ya mizinga yaliyoyeyushwa. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ilitumika kwa sarafu za rupia 15, nazo zilikuwa kama 16,000 tu, kila moja na kipenyo cha milimita 22. Serikali inayoyeyusha maganda ya mizinga ili ipate chenji si serikali inayoacha masanduku ya fedha nyuma yake.

Kitu kikubwa ambacho Wajerumani walikificha kweli Kigoma kinajulikana. Ni ile Graf von Goetzen, waliyoizamisha Julai 1916 baada ya kuzipaka mashine zake grisi ili zisishike kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikafanya kazi ziwani kwa jina la Liemba. Haikuhitaji koili ya upana wowote kuipata. Waliokuwepo walijua ilipo.

Ujiji ni mji mkongwe kuliko Kigoma, na hadithi zake za utajiri ni za misafara. Burton na Speke walifika mwaka 1858 wakaukuta tayari ni kituo cha wafanyabiashara kutoka pwani. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Utajiri wa Ujiji wa siku zile ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa wa aina inayolia kwenye kigunduzi. Ulikuwa pembe za ndovu, nguo za merikani na kaniki, chumvi ya Uvinza, na ushanga wa kioo uliotumika sokoni kama sarafu. Ulikuwa pia watu waliopelekwa utumwani, jambo ambalo kila anayetembea juu ya ardhi hiyo anapaswa kulikumbuka. Metali iliyokuwepo ilikuja kwa vipande vidogo: masango, yaani waya mnene wa shaba nyeupe, bangili, risasi za gobore, vifungo, vipande vya shaba ya Katanga, na mara mojamoja reale ya fedha. Ukiacha majembe, karibu vyote hutosha ndani ya kiganja. Anayebeba sahani ya sentimita 38 kwenda mahali penye vitu vya namna hiyo amebeba kifaa cha kutafutia kisichokuwepo.

Jiografia ya ziwa nayo inaitetea koili ndogo. Ujazo wa maji katika karne ya 19 ulikuwa juu kuliko wa leo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalifungua njia ya Mto Lukuga kuelekea Kongo, na kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ufukwe alioujua Livingstone umebaki nchi kavu. Mahali pa kumbukumbu yake leo pako mamia ya mita kutoka majini. Hivyo ufukwe wa zamani uko chini ya nyua, mashamba ya michikichi, vichochoro na vibanda, yaani mahali penye taka nyingi za chuma kuliko kwingine kokote mjini. Kwenye uchochoro kati ya kuta mbili za nyumba za mabati, koili kubwa huzisikia nyumba zenyewe kabla ya kuisikia ardhi. Koili ndogo hupita karibu na ukuta, kati ya mizizi ya mwembe, kandokando ya mawe ya msingi. Ziwa lilipopanda tena mwaka 2020 na 2021, na kurudia 2024, liliingia kwenye mialo na kuacha takataka zake mbali na maji. Mchanga wa ufukwe umezidi kuchafuka.

Jambo la udongo lina utata wake, na linahitaji uangalifu. Miinuko ya Kigoma ina udongo mwekundu wenye oksidi za chuma, na ufukweni pana mahali ambapo mawimbi huupepeta mchanga mwepesi na kuacha mistari ya mchanga mweusi mzito. Vyote viwili hurudisha ishara yake vyenyewe. Koili inayoona udongo mwingi hupokea ishara nyingi za udongo, na mtumiaji hulazimika kupunguza usikivu wa mashine ili isilie ovyo. Akishaupunguza, zile sentimita chache alizozilipia zimekwisha. Koili ndogo huona udongo kidogo, kwa hiyo huweza kuachwa na usikivu wa juu. Mara nyingi, kwenye udongo mwekundu, ndogo iliyo wazi hufika sawa na kubwa iliyobanwa. Kwa upande wa maji, Ziwa Tanganyika lina ahueni ambayo watu wa Bagamoyo na Mombasa hawanayo: maji yake ni baridi, uwezo wake wa kupitisha umeme hauzidi sehemu moja ya hamsini ya ule wa bahari, na mchanga mbichi hausumbui mashine kama wa pwani.

Dhahabu ndiyo kesi ambayo koili kubwa ina watetezi wengi, na ni haki yao kusikilizwa. Anayetoka Kigoma kwenda kutafuta dhahabu huelekea Mpanda, au mbali zaidi, Geita na Chunya. Huko zipo habari za kweli za mapande makubwa yaliyopatikana chini kwa koili pana. Lakini habari hizo husimuliwa kwa kuwa ni nadra. Dhahabu nyingi inayopatikana kwa kigunduzi ni punje ndogo karibu na uso, na punje ya robo gramu haifiki ukubwa wa punje ya mchele. Kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kuamsha ishara kubwa. Kinahitaji uga uliokusanyika, ukiwa karibu sana, na masafa ya juu. Ndiyo kazi hasa ya koili ndogo. Kwenye marudio, kwenye vifusi vilivyotupwa kando ya mashimo ya wachimbaji, na kwenye miamba iliyopasuka ambamo punje hunasa, sahani ya upana wa sentimita 28 haiingii, na ikiingia haigusi chini. Ikiinuliwa sentimita 5 juu ya mawe, hizo ni sentimita 5 zilizopotea.

Inabaki hoja ya kasi, ambayo ina ukweli kuliko zote. Kipande cha mita 10 kwa 10, kikipitiwa kwa mistari inayopandiana nusu kwa nusu, kinahitaji mistari 71 kwa koili ya sentimita 28 na 133 kwa ile ya sentimita 15. Koili ndogo inataka karibu mara mbili ya hatua. Hilo halikwepeki. Ila mtafutaji kwenye ardhi chafu hamalizi siku akipunga fimbo, huimaliza akichimba. Kila ishara isiyoeleweka ni shimo, na kila shimo ni dakika kadhaa. Koili ndogo huonyesha kitovu cha kitu kwa usahihi, shimo huwa la upana wa kiganja, na vipande vya chuma vinavyochimbuliwa bure hupungua. Uzito pia huhesabiwa: sahani ndogo ni nyepesi, na mkono usiochoka hupitisha koili ikiwa sambamba na ardhi hadi jioni, badala ya kuiinua mwishoni mwa kila mpungo.

Koili kubwa ina mahali pake, na kulikana hilo kungekuwa kosa la upande wa pili. Shamba lililo wazi, mbali na makazi, lisilo na historia ya chuma. Eneo la leseni ambalo tabaka la juu limeshasafishwa kwa koili ndogo. Bomba au mtungi wa chuma uliozama nusu mita: kazi hizo ni zake. Lakini hata hapo isibebeshwe matumaini ya hazina. Kwa sarafu moja, mashine za kawaida hukoma kwenye sentimita 20 hadi 30 hivi, koili iwe pana namna gani. Sanduku lililo mita mbili chini hutafutwa kwa mashine za aina nyingine kabisa, zenye fremu au visanduku viwili, ambazo nazo haziisikii sarafu. Sahani ya sentimita 38 imekaa katikati: ni pana mno kwa sarafu iliyo kati ya misumari, na ni finyu mno kwa hilo sanduku.

Kabla ya koili yoyote kugusa ardhi, ipo sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba kwa ajili ya kuvitafuta kunahitaji leseni. Ujiji ni mojawapo ya vituo sita vya njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe ambavyo Tanzania iliviweka mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Eneo la kumbukumbu ya Livingstone, makaburi ya zamani na majengo ya kihistoria si mahali pa kujaribia mashine. Madini yanatawaliwa na Sheria ya Madini ya 2010, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe hakuna mtu binafsi anayeruhusiwa kutafuta chochote kwa kigunduzi. Mtafiti aliye na kibali ana sababu moja zaidi ya kuchagua koili ndogo: shimo dogo, lililochimbwa mahali hasa, huharibu tabaka kwa kiasi kidogo.

Katika kuchagua koili ndogo yenyewe, jambo la kwanza ni ulinganifu. Koili hutengenezwa kwa ajili ya mashine maalumu na masafa maalumu. Plagi kuingia si ushahidi kwamba inafaa, na koili ya mashine moja ikichomekwa kwenye nyingine inaweza kuiharibu. La pili ni mpangilio wa nyaya ndani. Koili yenye duara ndani ya duara ina uga wa umbo la pia, unaochongoka kadiri unavyoshuka. Huonyesha kitovu vizuri na hufaa kwenye mchanga mweupe usio na madini. Koili yenye nusu-duara mbili zilizopandiana katikati ina uga mwembamba kama ubao uliosimama. Huvumilia udongo mwekundu na hutenganisha vitu vilivyokaribiana upandeupande. Kwa Kigoma, ambako taka na udongo mwekundu huandamana, hii ya pili ndiyo ya kuchukuliwa. Umbo la yai, lenye urefu wa sentimita 25 na upana wa 12 hivi, ni suluhu nzuri kwa anayetaka kupunguza ile mistari 133 bila kupoteza utenganishaji. Mengine ni madogo: koili iwe imezibwa isiingize maji, kava lake lifunguliwe na kuoshwa mara kwa mara kwa kuwa mchanga mweusi ukinasa humo hulia, na kebo ifungwe imara kwenye fimbo.

Jaribio la kuamua ni la dakika chache na halina gharama. Kinachotakiwa ni misumari mitatu ya inchi tatu, pete ya fedha au kipande cha shaba, na ardhi isiyo na kitu. Sarafu ya shilingi 500 ya mwaka 2014 isitumike, kwa kuwa ni chuma kilichopakwa nikeli na itaidanganya mashine. Pete ifukiwe sentimita 5, misumari ilazwe kuizunguka, kila mmoja umbali wa kiganja, kisha koili zote mbili zipitishwe kwa mpangilio uleule wa mashine, kutoka pande zote nne. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakataa kulifanya jaribio hilo mbele ya mteja. Mnunuzi wa Kigoma asitoe fedha kabla hajaliona, na koili atakayoondoka nayo iwe ile iliyoisikia pete.